Ubao mdogo wa upepo mkali: usianze na lita, anza na tanga na upana

"Habari mtaalamu. Nina kilo 82, natumia ubao wa windsafingi (kuteleza majini kwa ubao wenye tanga) aina ya friraidi, yaani wa matembezi ya kawaida, wenye ujazo wa lita 135, upana sentimita 78, pezi la chini ya mkia sentimita 46, na matanga mawili, moja la mita 7.0 na lingine la 5.5. Upepo wa noti (kipimo cha kasi ya upepo) 15 mpaka 18 niko poa kabisa, miguu iko kwenye mikanda, hanesi (mshipi wa mwilini unaoniunganisha na tanga) nimefunga, nateleza vizuri. Shida inaanza upepo ukifika noti 24 au 25 na maji yakichafuka. Ubao unarukaruka, pua inanyanyuka, ukingo niliosimamia unapanda hewani, mara nimerushwa. Mwenzangu anasema ninunue ubao wenye lita sawa na kilo zangu, na kuna mtu anauza wa mawimbi wa lita 78 uliotumika. Mwingine anasema nibadilishe pezi tu. Kuanzia majini (tanga kuninyanyua kutoka majini hadi juu ya ubao) naweza kama nusu ya mara ninazojaribu, jaibu (kugeuka kwa kupitia upande upepo unakokwenda) naanguka kuliko ninavyopatia. Ninunue upi? Na ubao mfupi ndo dawa ya vijiwimbi?"

Asante sana kwa kuweka namba zako zote, maana watu wengi wananiuliza ubao gani mdogo ni mzuri bila kutaja kilo zao wala tanga wanalotumia, na hapo mtu huwezi kujibu kitu cha maana. Nikikusoma vizuri naona una wasiwasi wa aina mbili. Mmoja umeusema, kwamba utanunua kitu kisichokufaa. Mwingine hujausema ila unasikika, kwamba labda shida ni wewe mwenyewe, labda hujui vya kutosha. Wala si wewe. Hata mtu mzoefu ukimpa ubao wa sentimita 78 na tanga la 5.5 kwenye noti 25 za maji yaliyochafuka atahangaika, tofauti ni kwamba yeye atahangaika bila kuanguka sana.

Nikupe jibu kabisa halafu ndo nieleze sababu. Wa lita 78 uache. Tafuta ubao wa lita kati ya 100 na 110, upana sentimita 63 mpaka 66, wa aina ya fristaili-wevu au ile wanayoita frimuvu, mbao za katikati ya friraidi na za mawimbi. Na kabla hata ya huo ubao, tafuta tanga la mita 4.7. Ndiyo, tanga kwanza.

Watu hawapendi kusikia hiyo ya tanga sababu ubao mpya ndo kitu kinachosisimua, ila angalia hesabu. Nguvu ya upepo haipandi sawa na kasi yake, inapanda kwa mraba wa kasi. Kutoka noti 15 kwenda noti 25, yaani kutoka kama kilomita 28 kwa saa kwenda 46, unaona ni ongezeko la theluthi mbili tu, lakini msukumo kwenye tanga lilelile unakuwa karibu mara 2.8. Kuna kanuni rahisi ya makadirio ambayo wachezaji wengi wanaitumia: chukua kilo zako, zidisha kwa 1.34, gawanya kwa noti za upepo, unapata mita za mraba za tanga. Kwako ni kama 110 ukigawanya kwa noti. Noti 16 inakupa 6.9, ndo maana na lile tanga la 7.0 unajisikia mfalme. Noti 20 inakupa 5.5, sawasawa na tanga lako dogo. Noti 25 inakupa 4.4. Kwa hiyo siku unazolalamikia uko na mita moja nzima ya tanga zaidi ya unachohitaji, na hiyo mita moja ndo inayokuvuta, inayokukakamaza mikono, inayokufanya uufungue mkono wa nyuma, yaani uliachie tanga kidogo, kila dakika. Na kila ukifungua, uzito wako unatoka kwenye mguu wa mlingoti, pale mlingoti unapoungana na ubao, na pua inakuwa huru kupaa. Tanga la 4.7 litakuchukua kuanzia noti 21 hivi mpaka 27 bila shida, na litakaa vizuri chini ya 5.5 bila kuacha pengo. Angalia tu maandishi kwenye tanga lenyewe yanataka mlingoti wa urefu gani, mara nyingi 4.7 inakwenda na wa sentimita 370 au 400, ukipata linalokubali 400 na lile la 5.5 nalo likakubali huohuo umeokoa gharama ya mlingoti mmoja.

Sasa tuje kwenye ubao wenyewe, na hapa nataka twende taratibu sababu ukielewa kinachotokea chini ya miguu yako hutahitaji mtu akuchagulie tena.

Ubao ukiwa umesimama unaelea kwa lita zake, hiyo ni kweli. Ila ukishaanza kuteleza lita karibu hazina kazi tena. Kinachokubeba ni maji yanayogonga chini ya ubao na kuusukuma juu, na sehemu inayogusa maji ni kipande tu cha nyuma, kuanzia karibu na mguu wa mlingoti kwenda mkiani, na kadiri unavyoongeza kasi kipande hicho kinazidi kuwa kidogo. Kwenye upepo mdogo ubao mpana ni rafiki yako, unapata eneo kubwa la kubebwa mapema, unateleza wakati wenzako bado wamezama. Lakini msukumo huo nao unapanda kwa mraba wa kasi kama ule wa tanga. Ukikimbia sana ubao wa sentimita 78 unabebwa kupita kiasi, unakaa juu juu, umegusa maji kwa kipande cha mkia na pezi tu, na pale mbele kuna eneo pana bapa linalongoja kijiwimbi kije kiligonge na upepo uingie chini yake. Jaribu kupiga maji kwa kiganja kilicholala halafu uyakate kwa ubavu wa mkono uone tofauti, ndo hivyohivyo ubao mpana na mwembamba unavyokutana na vijiwimbi.

Halafu kuna pezi, na hili ndo watu wengi hawalijui. Tanga linakusukuma kuelekea upepo unakokwenda, pezi linakataa, yaani maji yanalisukuma pezi kurudi upande upepo unakotoka. Sasa pezi liko chini kabisa na wewe uko juu, kwa hiyo msukumo ule unaupindua ubao: ukingo wa upande wako, unaposimama wewe, unanyanyuliwa. Kwenye upepo wa kati hii ni nzuri, inabalansi uzito wako unaokandamiza ukingo huo. Ila kasi ya ubao ikipanda mara moja na nusu, nguvu ya pezi kwa pembe ileile inakuwa zaidi ya mara mbili, wakati kilo zako ni zilezile 82. Pezi linashinda. Ukingo unapanda, upepo unaingia chini, ubao unaanza kutembea kwa mkia kama unataka kusimama, na hapo ndo unaporushwa. Ulichokieleza kwenye swali lako, "ukingo niliosimamia unapanda hewani", ndo hiki hasa, na sentimita 46 za pezi kwenye noti 25 ni nyingi mno.

Kwa hiyo yule aliyekwambia ubadilishe pezi hajakosea. Kapatia nusu. Ukiweka pezi la sentimita 38 mpaka 40 kwenye ubao wako wa sasa utaona tofauti kubwa siku hiyohiyo, na ni kitu ningependa ufanye hata kesho maana ni rahisi kuliko vyote. Ila usivuke hapo ukafikiri ukiweka la 28 utakuwa umemaliza kazi. Mkia mpana unahitaji pezi refu kiasi ili ubalansi, mikanda yako iko mbali na mstari wa katikati, miguu yako ina wenzo mkubwa, pezi dogo sana litashindwa na utakuwa unasukuma mkia unachomoka pembeni kila ukikanyaga kwa nguvu. Na pezi halibadilishi upana. Vijiwimbi vitaendelea kugonga lile bapa, na vifundo vya miguu vitaendelea kuchoka.

Hilo la vifundo vya miguu nalo lina maana yake. Kwenye ubao mpana unasimama mbali na katikati, kijiwimbi kikiusukuma ukingo mmoja, ubao unakutikisa kwa umbali wote huo, na wewe kuurudisha inabidi utumie mwili mzima. Kwenye ubao wa sentimita 64 miguu iko karibu na mstari wa katikati, unaurekebisha kwa vidole na visigino tu. Ndo maana watu wakihamia ubao mdogo kwa mara ya kwanza kwenye upepo wake sahihi wanashangaa kwamba ni rahisi, walikuwa wanategemea uwe mgumu zaidi.

Sasa mwenzako na ushauri wake wa lita sawa na kilo. Ushauri huu unazunguka sana na si uongo, ila una masharti ambayo watu wanayaacha njiani. Lita moja ya ubao kwenye maji ya bahari inabeba kama kilo 1.025. Wewe una kilo 82. Ubao wenyewe na mikanda na pezi weka kilo 7. Tanga, mlingoti na kitako chake, na bumu (ule upau unaoushika kuongoza tanga) weka 9. Hanesi na nguo iliyolowa weka 3. Jumla ni 101. Maana yake ubao wa lita 100 ukiwa umesimama juu yake na tanga mkononi, umesimama tu huendi, unakaa sawa na uso wa maji, hauzami wala hauelei, na kila kijiwimbi kinapita juu ya miguu yako. Ubao wa lita 82 unapungukiwa karibu kilo 17, utazama hadi magotini. Wa 78 unapungukiwa 21. Mbao za namna hiyo zinatumika na watu kila siku na wanafurahi nazo, ila ni watu ambao hawavuti tanga kwa kamba (kulinyanyua kutoka majini wakiwa wamesimama kwenye ubao) hata mara moja, wanaanzia majini kila wakati, na wakishainuliwa wana upepo wa kutosha kuteleza palepale. Wewe unaanzia majini nusu ya mara. Nusu iliyobaki ungefanya nini? Kuvuta tanga kwa kamba ukiwa umesimama kwenye ubao uliozama magotini, kwenye noti 25, na vijiwimbi vinakusukuma, haiwezekani. Ungekuwa unaogelea.

Na si lita tu, ule ni ubao wa mawimbi. Umetengenezwa kwa mtu anayepanda wimbi halisi na kukata kona fupi usoni mwake, kwa hiyo chini yake una mpindo mkubwa kutoka pua hadi mkia. Mpindo huo unausaidia kugeuka ila unauchelewesha kuteleza, unahitaji upepo zaidi ili uanze, na ukiwa unakwenda moja kwa moja unakuwa mzito mzito. Maji yako wewe ni ya vijiwimbi vya upepo, si mawimbi yanayovunjika ambayo unayapanda. Ubao mzuri sana, mahali pasipo pake. Halafu fikiria pengo: ukiwa na 135 na 78, siku za noti 19 mpaka 22, ambazo huenda ndo nyingi kuliko zote, ubao mmoja ni mkubwa na mwingine unazama.

Kuhusu urefu. Zamani kweli urefu ulikuwa unaeleza kitu, ule ubao wa windsafingi uliobuniwa na Wamarekani Jim Drake na Hoyle Schweitzer mwishoni mwa miaka ya 1960 ulikuwa karibu mita 3.65, na kwa muda mrefu watu walikuwa wanapima ukubwa kwa urefu. Siku hizi friraidi ya lita 135 na fristaili-wevu ya lita 100 zote ziko kwenye mita 2.3 mpaka 2.5, tofauti ni ndogo. Ufupi unasaidia kidogo kwa kuwa pua haitoki mbali kuyafuata maji, ila usinunue ubao kwa sababu ni mfupi. Angalia upana, na hasa upana wa mkia pale unapokanyaga mguu wa nyuma, maana kuna mbao fupi zenye mkia mpana kama meza ambazo kwenye maji machafu zitakutesa vilevile.

Ukishajua lita na upana, geuza ubao uangalie tumbo lake. Unataka uone umbo la herufi V, hasa sehemu ya mbele mpaka chini ya mguu wa mlingoti, wakati mwingine na mabonde mawili membamba kila upande wa V hiyo, umbo hilo ndo linapasua vijiwimbi badala ya kuvipiga. Mpindo uwe wa wastani, si bapa kabisa kama slalomu (ubao wa mashindano ya kasi) wala si wa ndizi kama ule wa mawimbi. Kingo ziwe nyembamba kiasi kuelekea mkiani ili uweze kuzizamisha kwa mguu. Na mikanda iwe na matundu ya kuiweka ndani, karibu na katikati, na ikiwezekana uwe na chaguo la mkanda mmoja tu nyuma. Mtu akikuuzia slalomu ndogo ya lita 100 kwa sababu "ni lita zilezile", mwambie asante. Slalomu inakwenda kwa kasi sana na inapenda maji yaliyotulia, mkia wake ni mpana, inataka usukume muda wote bila kulegeza. Wapo wanaoipenda kwenye maji machafu, ila ni kazi, na wewe sasa hivi unatafuta utulivu ujifunze jaibu.

Sasa ndani ya hizo lita 100 mpaka 110 uchague ipi? Mi ningekwambia 105, na nieleze bila kukuficha unachopata na unachopoteza. Ukienda 95 utapata ubao unaokuja vizuri zaidi kwenye noti 27, 28, unaogeuka kwa kufikiria tu, na ambao hutauchoka haraka. Ila kwa kuanzia majini nusu kwa nusu utakuwa unachoka mapema, na upepo ukilegea dakika moja unazama na kujaribu upya. Ukienda 115 utakuwa salama kabisa, utavuta tanga kwa kamba ukibanwa, ila upana utakuwa karibu sentimita 68 mpaka 70, umetoka kwenye 78 ukaingia 69, kwenye noti 25 utasema ni bora kidogo halafu mwaka ujao unatafuta mwingine tena. Wa 105 unaelea kwa ziada ndogo, kama kilo 6 hivi juu ya jumla yako. Hautoshi kuvuta tanga kwa raha, ila unatosha kukusamehe unapochelewa kuteleza. Ukiwa tayari unaanzia majini mara nane kwenye kumi, chukua 100 au hata 95. Kwa hiyo kusema kweli kinachoamua hapa ni huo ustadi mmoja, na una uwezo wa kuubadilisha kabla hujatoa hela.

Fanya hivi: nenda na ubao wako huohuo wa 135 na tanga la 5.5 siku za noti 18 mpaka 20, mahali maji yanapofika kifuani, upepo ukitokea ubavuni ukisukuma kidogo kuelekea ufukweni, na siku hiyo kazi yako iwe kuanzia majini tu. Anguka makusudi, anza tena. Wengi wanashindwa kwa sababu wanavuta bumu kuja kwao, wakati unatakiwa uusukume mlingoti juu, mikono inyooke, tanga liende juu hewani lipate upepo, mguu wa nyuma ukiwa juu ya ubao umeukunja na umeuvuta ubao karibu na makalio yako. Usiupande ubao, subiri tanga likupandishe.

Kuhusu mapezi ya ubao mpya. Nyingi za aina hii zinakuja na matundu matatu, unaweza kuweka pezi moja au matatu. Matatu yanashika vizuri ukiwa unakata kona na hayachomoki hovyo, ila yanaburuta na yanachelewesha kuteleza. Kwa unachofanya wewe, kwenda na kurudi na kujifunza jaibu, anza na moja la sentimita 26 hadi 28 kwa tanga la 4.7, na la sentimita 30 hivi kwa 5.5, matundu ya pembeni uyafunike. Mguu wa mlingoti uweke katikati ya reli yake (ule mfereji wa kwenye ubao unamofungwa) kwanza. Pua ikipaa usogeze mbele sentimita mbili, ukihisi ubao umeganda na pua inachomachoma vijiwimbi urudishe nyuma. Upepo ukizidi vuta zaidi kamba ya chini ya tanga mpaka sehemu ya juu kwa nyuma ilegee na kupepea, hapo ndo upepo wa ziada unapotoka, na bumu lishushe kidogo.

Ukipanda huo ubao mara ya kwanza kuna vitu vitakushtua. Utaona kwamba ukisimama unazama, basi usisimame, ukishatoka majini elekeza ubao kidogo kuelekea upepo unakokwenda, ning'inia kwenye bumu, ingiza mguu wa mbele kwenye mkanda kwanza, ukiharakisha wa nyuma mkia unazama na unasimama palepale. Magoti yakunjwe muda wote, acha ubao uchezecheze chini yako, usipigane na kila kijiwimbi. Na ukihofia, usiufungue mkono wa nyuma, kaa kwenye hanesi uzito ushuke, pua itatulia yenyewe. Jaibu zitakuwa tofauti pia: ubao mkubwa unakusamehe ukipunguza kasi ukiingia kona, mdogo haukusamehei, ukiingia na kasi unazunguka wenyewe, ukiingia polepole unazama katikati. Ingia umebana tanga, ukingo umeukanyaga sawasawa, na uchague sehemu laini kati ya kijiwimbi na kijiwimbi.

Kuna jambo la usalama lazima niliseme wazi. Ubao wa lita 135 upepo ukifa unasimama juu yake na kujikokota kurudi. Huu mdogo upepo ukifa huwezi kusimama. Utalala kifudifudi juu yake, tanga umeliweka juu ya mkia, na kupiga kasia kwa mikono, na hilo linachosha sana. Kwa hiyo siku za mwanzo usiende mbali na ufukwe, usiingie upepo unapotoka nchi kavu kwenda baharini, usiingie peke yako, na kikitokea chochote usiuache ubao. Kagua ule mpira au kiungo cha kitako cha mlingoti kila mara, kikionyesha nyufa badilisha, usikiombee siku moja zaidi.

Ukinunua uliotumika, chukua mizani. Linganisha kilo zake na zilizoandikwa na mtengenezaji, bila mikanda na bila pezi, ukikuta umezidi kilo nzima na zaidi basi ama umetengenezwa kwa viraka vizito ama umekunywa maji. Bonyeza kwa dole gumba pale visigino vinapokaa na kuzunguka reli ya mlingoti, pakibonyea au pakitoa mlio wa kukauka, tabaka la juu limeachana na povu la ndani. Angalia pua, maana mlingoti ukirushwa unapiga pale. Tikisa pezi likiwa limefungwa, tundu lisichezecheze. Na ile skrubu ndogo ya hewa juu ya ubao, iwe ipo na mpira wake uwe mzima.

Mwisho kuna mambo siwezi kukusaidia nikiwa mbali. Kama kuna shule au sehemu wanakodisha, kodi ubao wa lita 100 hadi 105 siku ya noti 22 na zaidi kabla hujanunua chochote, hata kwa saa mbili, na umwombe mwalimu akuangalie akiwa ufukweni, mtu mwenye jicho ataona ndani ya dakika chache kama bumu lako liko juu sana au unasimama umenyooka. Kuanzia majini na jaibu nako, ukiona umekwama mwezi wa pili mfululizo, lipia masomo machache ya ana kwa ana, yatakusogeza kuliko ubao wowote. Ubao uliokunywa maji mpelekee fundi wa mbao hizi aukague kabla hujalipa. Na kama huko kurushwa kumekuachia maumivu ya bega, kiwiko au kifundo cha mguu yasiyoisha wiki mbili, au ulijigonga kichwa na mlingoti na ukapata kichefuchefu, kizunguzungu au kusahausahau, hapo usiulize kuhusu ubao tena, nenda hospitali. La kichwa usingoje hata siku moja.